Pete nyeupe katikati ya tyubu

Moshi, mwisho wa Februari. Mlima umejificha tangu asubuhi, umeme umekatika mara mbili, na kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 29. Kwa mtu wa ofisini hilo ni jasho tu. Kwa anayetenganisha seli nyeupe kutoka damu ya mtu mzima ni shida ya kazi, maana Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganishia seli, imetengenezwa iwe na uzani wa gramu 1.077 kwa mililita ikiwa nyuzi 20, si 29.

Mbinu yenyewe ni ya Arne Bøyum wa Norway, ya mwaka 1968, na hadi leo haijabadilika sana. Chembe nyekundu na granulosaiti, kundi moja la seli nyeupe, ni nzito kuliko Ficoll, kwa hiyo huzama. Limfosaiti na monosaiti, seli nyeupe zile zinazotafutwa na wachunguzi wa kifua kikuu na VVU, ni nyepesi. Hubaki juu yake kama pete ya ukungu, na plazima ya njano huelea juu ya pete. Ficoll ikipata joto huwa nyepesi, na limfosaiti huanza kuzama pamoja na nyekundu. Ikitolewa kwenye jokofu na kutumiwa papo hapo, huwa nzito na pete huchafuka kwa wekundu. Basi itolewe mapema, na mashine ya kuzungusha tyubu iwekwe nyuzi 20.

Mililita 15 za damu hutosha. Ni vijiko vitatu vya chai, na inafaa kumwambia mtoa damu hivyohivyo kabla hajaweka sahihi ya ridhaa, kwa sababu hadithi za mumiani hazijafa, na anayeona tyubu bila maelezo ana haki ya kuwaza mabaya. Changanya na kiasi kilekile cha maji ya chumvi yenye bafa, yaani yasiyobadilika uchachu kwa urahisi. Mimina Ficoll mililita 15 kwenye tyubu ya mililita 50, iinamishe, kisha ishushe damu ikitambaa ukutani taratibu. Mkono ukitetemeka, mpaka kati ya tabaka mbili unavunjika na hakuna mashine itakayouunga.

Zungusha kwa nguvu ya g 400, yaani mara 400 ya mvutano wa dunia, dakika 30, breki imezimwa. Hapa ndipo wageni wengi hukosea: wanaandika mizunguko kwa dakika badala ya g. Mizunguko 1,450 kwenye rota, kile kishikio cha tyubu kinachozunguka, yenye nusu kipenyo cha sentimita 17 hutoa g 400 hivi. Kwenye rota ya sentimita 10 hutoa g 235 tu, na pete haikamiliki. Nayo breki ikiachwa imewashwa, mashine husimama kwa kishindo na pete nzuri huvurugika sekunde za mwisho. Subira ya dakika chache ni nafuu kuliko kumwomba mtu damu upya.

Lakini pete mbaya mara nyingi huanza kabla ya mashine. Damu iliyotoka Same, kilomita mia hivi za lami, ikisafiri kwenye buti la gari juani, hufika imechoka. Iliyowekwa juu ya barafu nayo huharibika kwa namna yake. Kisanduku kikavu, joto la chumba, na saa nane tangu kutolewa: mpaka wangu ni huo. Ikikaa siku nzima, granulosaiti hubadilika uzani na kubaki ndani ya pete, halafu watu wanalaumu Ficoll.

Pete ifyonzwe kwa pipeti bila tamaa ya kufuata kila tone. Osha mara mbili: kwanza g 300 dakika 10, kisha g 200 ili chembe sahani, zile za kugandisha damu, zibaki kwenye maji ya kumwagwa. Kuhesabu ni hesabu ya darasa la tano. Changanya nusu kwa nusu na rangi ya trypan blue, hesabu zisizonywa rangi, yaani zilizo hai, kwenye pembe nne za kioo cha kuhesabia. Ukipata 400, wastani ni 100. Zidisha kwa 2, kisha kwa 10,000. Ni seli milioni 2 kwa mililita, na kwenye mililita 10 una milioni 20. Damu mililita 15 ikikupa hizo, siku imekwenda vizuri.

Kugandisha kunataka haraka mwanzoni na pole baadaye. Seramu asilimia 90 na DMSO, dawa ya kukinga seli zisipasuliwe na barafu, asilimia 10, vikiwa baridi, kwa sababu DMSO kwenye joto ni sumu kwa seli. Milioni 10 kwa kila kichupa, kisha zishuke nyuzi moja kwa dakika ndani ya chombo chenye alkoholi ya isopropili, kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Alkoholi hiyo ibadilishwe kila baada ya matumizi matano. Hufyonza maji na kasi ya kupoa huharibika kimyakimya.

Kesho yake vichupa vihamie kwenye tangi la nitrojeni ya kimiminika. Tangi halijali umeme wa gridi, ila hupungua lenyewe kila siku. Kupima ni kwa fimbo kavu ya mbao: izamishe hadi chini, itoe, ipunge hewani. Sehemu inayovaa barafu nyeupe ndiyo kina kilichobaki. Leo sentimita 21, Jumatatu zilikuwa 26. Gari la nitrojeni liagizwe kesho asubuhi.