Uwanja wa ndege ukipanuliwa, anzia korongoni

Mpimaji wa athari za mazingira akifika Hai, ulipo Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, mwezi Agosti, anavuka korongo kavu na kuandika "hakuna samaki". Tathmini nzima imeharibika hapo. Masika yakiingia, korongo hilohilo hubeba maji ya uwanja hadi mtoni, na kambale huyafuata maji mapya kwenda kutaga kwenye majani yaliyofurika.

Piga hesabu kwanza. Njia ya kurukia yenye urefu wa mita 3,600 na upana wa mita 45 ni hekta 16.2. Mvua ya milimita 50 inaimwagia mita za ujazo 8,100, na lami hainywi maji: karibu asilimia 90 yanatiririka kwa mkupuo, yanakata kingo na kusomba udongo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kando ya mto, lakini mfereji mmoja wa zege unazivuka zote.

Wengi hunakili majedwali ya viwango vya maji yaliyoandikwa kwa ajili ya samoni, samaki wa mito ya baridi ughaibuni. Uwanja wa Seattle-Tacoma wa Marekani, uliofungua njia yake ya tatu mwaka 2008, umezungukwa na vijito vya samoni kama Miller na Des Moines. Yai la samoni hukaa ndani ya changarawe likitegemea maji yapite na oksijeni. Tope laini likiziba, yai linakufa. Jike la perege wetu hulea mayai mdomoni. Kinachomponza ni dume kukosa mchanga safi wa kina kifupi wa kuchimba kiota, na vifaranga kukosa majani ya kujificha. Kwa hiyo chukua njia yao ya kupima, viwango vyao waachie.

Pima sehemu tatu: mtoni kabla mfereji haujaingia, chini ya hapo, na kijito jirani kisichoguswa na mradi. Fanya hivyo kiangazi, vuli na masika. Oksijeni ipimwe kabla ya alfajiri, inapokuwa chini kabisa. Ya saa sita mchana inadanganya. Maji ya mvua yachotwe nusu saa ya kwanza, yakiwa bado na vumbi la breki na matairi. Ukitafuta shaba ya vumbi hilo iliyoyeyuka majini, chuja papo hapo kwa kichujio cha mikroni 0.45, ndipo utie asidi. Ukitanguliza asidi, inaibandua shaba iliyoshika kwenye tope na namba inapanda bure. Pima na ugumu wa maji, yaani wingi wa madini ya kalisi na magnesi, maana maji laini huikuza sumu yake.

Usimtambue perege kwa macho tu. Oreochromis jipe, wa bonde la Pangani, yuko hatarini kabisa kutoweka, na perege wa kuletwa huzaana na wenyeji. Kata kipande kidogo cha pezi, hifadhi kwenye spiriti ya asilimia 95, peleka maabara ya vinasaba.

Bwawa la kutuliza tope ni la lazima, ila maji yakisimama huita ndege wa porini, nao ni hatari kwa injini. Lisanifiwe likauke ndani ya saa 48 baada ya mvua, na tope lizolewe kabla ya Machi.