Baba wa babu na meli ya Mombasa

Kwetu, ukiuliza baba wa babu yangu alikufia wapi, kila mtu anajibu haraka: baharini, wakati wa vita vya Hitler. Ukiendelea kuuliza bahari gani, meli gani, mwaka gani, hapo watu wanakumbuka kwamba wana maharagwe jikoni. Karatasi chache zilizokuwapo, pamoja na picha yake ya pekee, ziliungua hapa Goma Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipomwaga moto hadi katikati ya mji na nyumba ya babu ikaenda nao. Sina cha kushika ila maneno ya watu.

Baadhi ya ndugu wanashikilia kwamba alikuwa askari wa Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji Congo. Haikai. Askari wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji, waliotoka huku kwenda kupigana na Waitalia Abisinia walishinda Saio Julai 1941, na safari ile ilikuwa ya barabara na mito. Mama wa babu mwenyewe alikuwa na maelezo tofauti: mumewe aliondoka Rutshuru akavukia Bunagana kutafuta kazi Uganda, kisha habari ikaja kwamba ameingia Keya, jeshi la Waingereza. Ukitafuta askari weusi wa Waingereza waliozama kwa wingi katika vita vile, unafika haraka kwenye meli iitwayo Khedive Ismail.

Iling'oa nanga Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 kwenda Colombo, ikiwa na watu 1,511. Wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, rejimenti ya 301, waliokuwa wakipelekwa kwenye vita dhidi ya Wajapani. Wauguzi wanawake walikuwamo pia. Tarehe 12 mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, baadhi ya abiria wakiwa wamekusanyika ukumbini kusikiliza muziki, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Mimi asubuhi natafuta viatu kwa muda mrefu kuliko huo. Walikufa watu 1,297.

Kilichofuata ndicho kilichoninyima usingizi. Nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Manowari mbili za Waingereza, Paladin na Petard, zikaanza kuiwinda, zikadondosha mabomu ya kulipukia majini huku watu wa meli yao wenyewe wakiwa bado wanaogelea na kushikilia mbao pale pale. Mwishowe iliangamizwa. Nimesoma utetezi wao: msafara ulikuwa na meli nyingine nne zilizojaa askari, na nyambizi ikiachwa itazifuata. Hesabu naielewa. Ila jaribu kuifanya ukiwa unamtafuta mtu wako kati ya vichwa vile.

Wale wa rejimenti ya 301 ambao hawana kaburi wameandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu katika makaburi ya vita ya Nairobi, upande wa barabara ya Ngong, na majina yanapatikana kwenye intaneti. Niliyapitia usiku kwenye simu, mtandao ukiwa mwepesi. Namba, cheo, jina. Wengine wana jina moja tu, lile karani alilolisikia. Kuna moja linalofanana na la kwetu, isipokuwa palipo na R yeye ameandika L, jambo ambalo hapa kwetu hata mwalimu wa shule anaweza kulifanya. Kijiji hakuna. Congo haitajwi, na isingetajwa: mtu aliyevuka mpaka wa Wabelgiji bila kibali angemtajia karani Mwingereza chifu yeyote wa Kigezi, upande wa Uganda, na mambo yakaisha.

Nilimpelekea shangazi. Alivaa miwani, akautazama mstari ule kwa makini, akanirudishia simu.

"Wanaume wa hapa walizama wengi," akasema. "Wengi walizamia Kampala."

Kisha akanisimulia jambo ambalo babu hakuwahi kulisema mbele yetu. Vita vilipokwisha na mtu hajarudi, wazee wa ukoo walitaka kuzika shina la mgomba badala ya mwili, ili matanga yaishe na mjane arithiwe na shemeji yake. Mama wa babu akakataa. Hakuletewa barua, hakuletewa nguo, na kwake mtu hakuzikwa kwa uvumi. Akabaki mke wa mtu, akalima shamba lake, akampeleka mwanawe shule ya misheni, shemeji akangoja mpaka akachoka akaoa kwingine. Babu alipokuwa mkubwa wa kutosha kukabidhiwa shamba kama mrithi wa baba yake, ndipo mama mwenyewe alipoanza kusema: alikufa baharini. Alijuaje, hakueleza.

Kumbe habari yote ya bahari ilitoka kwa mama mmoja aliyekuwa na sababu nzuri ya kuchelewa kuitoa. Shangazi anaamini aliitunga. Mimi naona barua ilifika mapema, akaificha. Mwanamke wa Rutshuru ambaye hajawahi kuiona bahari, akitaka kumtungia mumewe kifo, atataja malaria, au nyoka, au Wajerumani. Bahari haimjii tu kichwani.

Rafiki yangu wa Nairobi ameahidi kwenda kupiga picha ya lile jina. Habari zimeshaenea katika ukoo, na sasa wapo wanaotaka mgomba uzikwe mwaka huu, kwa heshima zote na bia za kutosha. Anayesukuma zaidi ni mtoto wa yule shemeji, mzee wa fimbo sasa. Shangazi amemjibu kwamba bia alete, lakini mgomba hautatoka katika shamba la bibi yake.