Sabuni iliyorudi kuwa maji

Ijumaa, usiku. Nimesahihisha nusu ya madaftari nikaacha. Akili bado iko kwenye mkutano wa wanahisa wa leo mchana.

Mimi ni mwalimu wa biashara na mlezi wa klabu ya ujasiriamali shuleni kwetu. Tunafuata utaratibu wa Junior Achievement, ulioanzia Springfield, Massachusetts, mwaka 1919 na siku hizi umefika hadi kwetu Tanzania: wanafunzi wanaunda kampuni, wanauza hisa, wanachagua viongozi, wanatengeneza bidhaa, kisha wanaivunja kampuni na kugawana kilichopatikana. Mimi hapo kwenye kuvunja ndipo ninapopapenda zaidi.

Mwaka huu waliuza hisa 40 za shilingi 1,000. Walipomchagua binti wa kidato cha tatu kuwa mkurugenzi, mwalimu mwenzangu alininong'oneza kwamba nafasi ile ingemfaa yule anayeongoza darasani. Nilikataa. Binti huyu humsaidia mama yake gengeni. Siku ya kwanza tu alimweleza mhasibu wake maana ya mali kauli, yaani kuchukua bidhaa sasa na kulipa baadaye, na kwa nini hela ya mteja atakayelipa Jumamosi haihesabiwi leo. Tunawakosea sana vijana tunapogawa uongozi kwa alama za mtihani.

Wakaamua kutengeneza sabuni ya maji. Anayeijua kazi hii anajua kwamba chumvi ndiyo inayoipa sabuni uzito, lakini ikizidi, sabuni inalegea na kurudi kuwa maji. Mmoja alitia chumvi akaenda kufuata chupa. Mwingine akaja, akaona bado nyepesi, akatia tena. Hakuna aliyeandika. Nilikuwepo nikiutazama mwiko ukizunguka kwenye ndoo kama uko kwenye maji ya kuoga, povu juu, chini kijani kitupu. Shilingi 22,000 za watu.

Jioni mkurugenzi alinifuata ofisini.

"Madam, wakijua hawatatuamini tena. Si tuseme tu tulichelewa kuanza?"

Nilimwonea huruma. Hela ile nilikuwa nayo kwenye pochi, na mkono uliniwasha kuitoa. Nikamuuliza tu hizo fedha ni za nani. Akanyamaza, akaondoka bila kuaga. Usiku ule sikulala vizuri, nikijiuliza kama nimemwachia mtoto mzigo wa mtu mzima.

Asubuhi nikakuta karatasi kwenye mbao za matangazo, mwandiko wake: ndoo ya kwanza imeharibika, hasara 22,000, tunaanza upya Jumanne. Na Jumanne akaja na daftari lililopigwa mistari: nani ametia nini, kiasi gani, saa ngapi. Kwa shilingi 16,000 wakapata lita 16, chupa 32 za nusu lita, kila moja shilingi 1,000. Zikaisha zote.

Leo wakavunja kampuni. Pamoja na 2,000 iliyobaki, kulikuwa na 34,000 mezani: shilingi 850 kwa kila hisa. Mtoto wa kidato cha kwanza mwenye hisa mbili alipokea 1,700 yake, akaihesabu mara mbili, akauliza kwa sauti, "Dada, ile chumvi alizidisha nani?"

Waliohusika wote wawili walikuwa wamekaa mstari wa mbele, wameinama.

"Siku ile nilikuwa nasimamia mimi," akasema mkurugenzi, akaita jina linalofuata.