Jinsi Nilivyoijenga Saturn V Chumbani Fuoni

Habari za roketi ya Saturn V nimezisoma tangu nikiwa skuli, na kwa miaka mingi nilidhani kwamba naijua. Nilijua kuwa urefu wake ulikuwa takriban mita 111, kuwa iliruka mara 13 baina ya mwaka 1967 na 1973, na kuwa ndiyo iliyowapeleka Neil Armstrong na wenzake mwezini Julai 1969. Nisichokijua ni namna ilivyoungwa: hatua moja, yaani sehemu ya roketi yenye injini na mafuta yake, ilikaaje juu ya nyengine, chombo cha kutulia mwezini kilifichwa wapi, na kwa nini mwili wake mweupe ulipakwa mabaka meusi. Majibu hayo niliyapata kwa kuijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, nikiwa mtu mzima mwenye mke na watoto, katika chumba cha uani cha nyumba yetu ya Fuoni, Unguja.

Mfano wenyewe ni wa LEGO, kampuni ya Denmark inayotengeneza matofali madogo ya plastiki ya kuchezea, yanayoshikana kwa vinundu vyake. Ulibuniwa na mashabiki wawili, Felix Stiessen na Valérie Roche, ukatolewa Juni 2017 ukiwa na vipande 1,969, sawasawa na mwaka wa Apollo 11, safari hiyo ya Armstrong, kisha ukatolewa tena mwaka 2020. Umepunguzwa kwa kiwango cha 1 kwa 110, hivyo ukisimama unafika mita moja. Pale Darajani, ambapo karibu kila kitu hupatikana, sikuukuta. Dada yangu anayeishi Uingereza ndiye aliyeninunulia, nami nilikuwa nikimpelekea fedha kidogo kidogo, maana ulipotoka mara ya kwanza uliuzwa kwa takriban dola 120 za Marekani. Alipokuja kututembelea wakati wa Iddi alivitoa vifurushi ndani ya boksi, akavitandaza baina ya nguo katika sanduku lake, na kijitabu cha maelekezo akakitia katika mkoba wa mkononi kisije kikakunjika.

Jambo la kwanza nililolishughulikia, na ambalo ningemshauri kila mtu aanze nalo, lilikuwa mwanga. Vipande vingi vya mfano huu ni vyeupe, vyeusi na vya kijivu, na kijivu kilichokoza huwezi kukitofautisha na cheusi chini ya taa hafifu ya usiku. Kwa hiyo niliamua kujenga asubuhi za mwisho wa wiki, dirisha la mashariki likiwa wazi, na usiku nikawa nakisoma kijitabu tu ili nijue kazi ya kesho inataka nini. Kwa mama niliazima nyungo mbili na sinia. Vipande vikubwa vilikaa katika sinia, na vile vidogo nikavimimina katika nyungo, kwa sababu ukingo wa ungo huvizuia visitoke na msuko wake huvishika visiteleze. Sakafu ya saruji haina huruma na kitu kidogo kilichoanguka.

Ujenzi huanzia chini, kwenye hatua ya kwanza, na hapo ndipo nilipostaajabu zaidi. Roketi ni ya mviringo, lakini matofali ni ya pembe nne. Wabunifu walilitatua jambo hilo kwa kujenga kwanza kiini chenye vinundu vinavyotazama nje kila upande, badala ya kutazama juu peke yake, kisha juu ya vinundu hivyo hupachikwa paneli zenye vipande vilivyopinda ambavyo vikikutana huufanya mduara. Kiini hicho, pamoja na ustadi wote uliomo, hufunikwa kisionekane tena, na mimi nilipenda kukaa nacho kwa muda kabla ya kukifunika. Paneli za nje hujirudia kuuzunguka mwili wote. Sikuzijenga moja moja. Nilifanya kama msusi wa mikeka, ambaye huitayarisha miyaa yote ya rangi moja kabla hajaanza kusuka. Nilitoa mahitaji ya paneli zote kwa pamoja, nikayagawa mafungu, ndipo nikaziunga. Wakati wa kuzipachika nilizibana mbili mbili kwa viganja vyote, kutoka pande zinazokabiliana, kwani ukisukuma upande mmoja tu paneli ya upande wa pili huchomoka.

Mkiani hukaa injini tano. Katika roketi ya kweli injini hizo ziliitwa F-1. Zile nne za pembeni ziliweza kuelekezwa huku na huku ili kuongoza safari, na ile ya katikati ilikuwa haigeuki. Zilichoma mafuta ya taa yaliyosafishwa sana, pamoja na oksijeni iliyopozwa hadi ikawa maji. Mke wangu alikataa kuniamini mpaka nilipomwonyesha kitabuni: mafuta ya taa, yale yale ambayo bibi zetu waliyatia kwenye vibatari, ndiyo yaliyoinua kutoka ardhini chombo chenye uzito wa karibu tani 2,900. Kwa muda wa dakika mbili na nusu hivi hatua hiyo ilikuwa imekwisha kazi yake, ikaachwa ianguke baharini.

Hatua ya pili na ya tatu zilikwenda haraka, kwa kuwa mbinu ni ile ile na mikono ilikwishazoea. Hizo zilitumia haidrojeni, ambayo lazima ipozwe hadi kiasi cha nyuzi 253 chini ya sifuri ndipo iwe maji. Mabaka meusi nayo nikayaelewa: yaliwekwa ili kamera zilizoko ardhini ziweze kuona kama roketi inajizungusha wakati ikipanda. Alama na herufi zote za mfano huu zimechapwa juu ya vipande vyenyewe, si stika za kubandika, na kwetu sisi hilo ni neema kubwa, kwani unyevu wa masika hubambua stika.

Juu ya hatua ya tatu ndipo lilipo jibu la swali langu kubwa. Siku hiyo mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa akinipa vipande, aliduwaa alipoona chombo cha kutulia mwezini kinawekwa ndani kabisa, chini ya kile wanachokaa wanaanga.

“Ami, sasa watakiingiaje, na wao wako juu yake?”

Sikumjibu kwa maneno. Nilikichomoa chombo cha wanaanga, nikakigeuza ncha yake itazame kule ilikotoka, nikakirudisha taratibu mpaka ncha ikagusana na paa la chombo cha kutulia, kisha nikavivuta vyote viwili nje vikiwa vimeshikana.

“Kumbe wanarudi kukichukua!”

Hivyo ndivyo walivyofanya Armstrong, Aldrin na Collins, baada ya hatua ya tatu kuwashwa mara ya pili na kuwaelekeza mwezini. Kijana alipotaka kujua ukubwa wa roketi yenyewe nilimwambia kuwa uwanja wa mpira wa mechi za kimataifa hauruhusiwi kuzidi mita 110 kwa urefu, hivyo ukiilaza Saturn V kutoka goli moja hadi jengine, ncha yake ingetokeza nje.

Mjomba wangu anayeishi Bungi alipokuja kuiona hakuuliza habari za mwezi. Alisema, “Mwanangu, haya mambo yalipita hapa hapa kwetu Tunguu, sisi tungali watoto. Tukiambiwa pale wazungu wanasema na mtu aliyeko juu.” Alisema kweli. Wamarekani walijenga Tunguu kituo cha Mercury, mradi wao wa kwanza wa kurusha watu anga za juu, kikiwa kimojawapo katika mnyororo wa vituo uliozunguka dunia, na mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, kituo cha Unguja kilikuwa miongoni mwa vilivyowasiliana naye. Wananchi wengi walikishuku na wanasiasa walikipinga, wakihofia kuwa kina shughuli za kijeshi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali ilitaka kiondoshwe, kikafungwa mwaka huo huo, na kazi yake ikahamia Madagaska. Saturn V, basi, haikupata kusikilizwa kutoka Tunguu, kwa kuwa ilianza kuruka mwaka 1967. Leo Tunguu inajulikana zaidi kwa vyuo vikuu vyake, na naona ni hasara kwamba wanafunzi wengi wanaopita pale hawaijui habari hii.

Roketi ilipokamilika nilimwendea seremala anitengenezee kabati la kioo lenye urefu wa ndani wa sentimita 115, ili mkono upate nafasi ya kuishika nchani wakati wa kuitoa. Kabati nililiweka mbali na dirisha, kwa sababu jua huifanya plastiki nyeupe kuwa manjano, na mlango wake tuliuzibia mpira pembezoni, kwani vumbi letu likichanganyika na unyevu wa chumvi huganda na halipanguswi kwa kitambaa. Kila baada ya muda ninaipitishia brashi laini ya rangi, kavu, kuanzia juu kwenda chini.

Hivi sasa nimo katika kuibuni mwenyewe Atlas, roketi iliyombeba Glenn, kwa kiwango kile kile cha 1 kwa 110. Pamoja na chombo chake ilikuwa na urefu wa karibu mita 29, kwa hiyo mfano utafika sentimita 26 tu. Unene wake wa mita 3 unakuwa milimita 28 hivi, yaani vinundu vitatu na nusu, kwa kuwa kinundu na mwenzake hupishana milimita 8. Nimeamua kuchukua vinundu vinne kamili. Mwili wake ulikuwa wa chuma chembamba kisicho na kutu, kwa hiyo nimemwagiza dada vipande vya kijivu vilivyopinda, na mjomba ameahidi kunipeleka Tunguu kunionyesha mahali anapokumbuka ziliposimama antena, ili nami nizijenge kando yake.