Robo eka ya udongo mwekundu: nilivyopima tindikali na kuweka chokaa Kabete

Udongo mwekundu wa Kabete, pembezoni mwa Nairobi, unalimika vizuri na maji hayatuami. Lakini ukiona mahindi machanga yameanza kuwa na rangi ya zambarau kwenye kingo za majani ya chini, hiyo kwa kawaida ni njaa ya fosforasi. Mara nyingi fosforasi imo ardhini, ila imeng'ang'aniwa na chuma na aluminiamu, na kadiri tindikali inavyopanda ndivyo inavyozidi kukazwa. Kuweka mbolea ya DAP kila msimu bila kingine huongeza taabu, kwa sababu amonia yake ikigeuka naitreti huacha tindikali.

Katika miaka yangu ya kufundisha na kutafiti udongo, vipimo vingi nilivyoona vimeharibika viliharibikia shambani, si maabara. Robo eka, hadi sentimita 20 kwenda chini, ina takriban tani 200 za udongo. Maabara kwa kawaida hupima pH (kipimo cha tindikali: ikishuka, tindikali imepanda) kwa gramu 10 tu zilizokorogwa katika mililita 25 za maji. Gramu hizo zisipowakilisha shamba, jibu halina faida.

Nilipita kwa zigizaga na kuchimba mashimo 18. Niliruka ua, kichuguu na mahali paliporundikwa samadi. Kila shimo nililichimba kwa jembe hadi sentimita 20, nikaweka rula, kisha nikakata kipande cha ukuta wake kwa panga, unene wa sentimita 2 kuanzia juu hadi chini. Hapa ndipo mkono hukosea: kipande kikiwa kinene juu na chembamba chini, udongo wa juu wenye mboji unazidi na shamba linaonekana zuri kuliko lilivyo. Nilipunguza pande zote mbili, nikabakiza ukanda wa katikati wenye upana wa sentimita 3.

Ndoo iwe ya plastiki. Ya mabati huacha zinki. Na tafadhali, usianike sampuli juu ya gunia la mbolea, hata likiwa limekung'utwa. Nilichanganya kwenye turubai safi, nikagawa mafungu manne, nikatupa mawili yanayotazamana, nikarudia hadi ikabaki nusu kilo. Nilianika kivulini siku nne. Lebo niliandika kwa penseli, maana wino hufutika kwa unyevu.

pH pekee haitoshi kukadiria chokaa ya kupunguza tindikali, kwani udongo wa mfinyanzi hukinza mabadiliko. Omba pia kipimo cha tindikali ya aluminiamu. Kwa majibu niliyopata, kiwango kilikuwa tani 2 kwa hekta, yaani gramu 200 kwa mita ya mraba, au mifuko 4 ya kilo 50 kwa robo eka. Niligawa shamba vipande vinne, mfuko mmoja kila kipande: nusu nikatawanya kwa urefu, nusu kwa upana. Kisha nikaichanganya kwa jembe hadi sentimita 15, wiki nne kabla ya kupanda, udongo ukiwa na unyevunyevu. Chokaa laini kama unga hufanya kazi mapema kuliko ya chengachenga. Usiiweke pamoja na DAP, mbolea ya CAN au samadi mbichi. Amonia hupotea hewani. Chokaa ikizidi, zinki inakuwa adimu, na mahindi machanga hutoa mistari myeupe kando ya mshipa wa kati wa jani.

Kipimo cha marudio nakichukua baada ya misimu miwili, kina kilekile na mwezi uleule, kwa sababu wakati wa kiangazi chumvi hujikusanya na kuishusha pH.