Mbwa wangu ana kisukari na haoni tena, hivi ndivyo tunavyoishi

Dalili ya kwanza ilikuwa maji. Tiga anamaliza bakuli, unajaza, anamaliza tena, usiku anaamka anataka kutoka kukojoa, na msosi anakula kweli kweli lakini mbavu zinaanza kuhesabika. Watu wakasema minyoo. Nikampeleka kwa dokta wa mifugo, wakapima damu na mkojo, sukari ipo juu kote. Kumbe kisukari. Kwa mbwa karibu mara zote maana yake ni insulini maisha yote, vile vidonge vya kushusha sukari wanavyopewa watu haviwasaidii kwa sababu kongosho lenyewe limeacha kutengeneza insulini.

Ila kilichoniuma zaidi siku ile si sindano, ni pale dokta aliponiambia jiandae na macho. Mbwa wengi wenye kisukari wanapata mtoto wa jicho, wengi wao ndani ya mwaka mmoja na kitu tangu wagundulike, na inaweza kutokea hata kama dozi unazisimamia vizuri. Sukari ikizidi inaingia kwenye lenzi ya jicho, mle inageuzwa kuwa kitu kinaitwa sobitoli ambacho hakitoki kirahisi, kinavuta maji, lenzi inavimba na kuwa nyeupe. Paka wenye kisukari inawapata mara chache, mbwa ndo wahanga. Na kweli, Tiga alianza na ukungu kidogo tu, afu baada ya wiki chache macho yakawa meupe pe.

Nikamuuliza, "Dokta, ataona tena?" Akanieleza upasuaji upo, wanaivunjavunja lenzi mbaya na kuinyonya, na mbwa wengi wanaona tena, lakini kwanza retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, ipimwe kama inafanya kazi maana ikiwa imekufa utamkata bure. Kwa Tiga majibu ya retina hayakuwa mazuri na ndani ya jicho kulishakuwa na uvimbe. Tukaacha. Lakini kuacha upasuaji siyo kuacha macho, hilo nalisisitiza sana, lenzi iliyoharibika inaleta uvimbe ndani ya jicho na presha ya macho, na presha ya macho inauma vibaya mno na mbwa hasemi. Kwa hiyo matone kila siku, na presha inapimwa kila tunapoenda kliniki. Uliza pia ni matone gani unapewa, yale yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yanaweza kuvuruga sukari.

Sindano zenyewe nisikufiche, nilikuwa naziogopa, lakini bomba za insulini zina kisindano chembamba sana, unavuta ngozi ya mgongoni unadunga chini yake, Tiga hata hashtuki. Kila baada ya saa 12, baada ya kula, saa ile ile, chakula kile kile, kiasi kile kile. Kitu cha kuangalia kwa macho mawili ni bomba. Kuna insulini za mifugo za yuniti 40 kwa mililita na nyingi za binadamu ni 100, kila moja ina bomba lake, ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 unakuwa umempa mara mbili na nusu ya dozi, na hiyo inaua. Kichupa kinakaa kwenye friji, kisigande. Na asipokula au akitapika usimdunge dozi nzima kwa mazoea, piga simu kwa dokta kwanza akwambie ufanyeje.

Huwa nikishika kile kichupa nawaza mbali. Mwaka 1921 kule Toronto, Frederick Banting na Charles Best waliwatoa mbwa kongosho wakawadunga majimaji yaliyokamuliwa kutoka kongosho la mbwa wengine, sukari ikashuka, ndo insulini ikaanzia hapo. Watu wangapi duniani wanaishi leo kwa sababu ya mbwa wale. Nikiambiwa "si ni mbwa tu, mpumzishe" nalikumbuka hilo, na moyo wangu unatulia kwenye uamuzi wangu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikuambiwa na mtu, nimelijua kwa kukaa naye. Insulini ikizidi sukari inashuka sana, mbwa anayumba, anatetemeka, analegea, anaweza hata kupata degedege. Na mbwa asiyeona naye anajigonga na anasitasita. Utajuaje sasa hapa ni macho au ni sukari? Hapo ndo utaona faida ya kutohamisha vitu. Kwetu kochi halisogei, meza haisogei, viti vinarudishwa chini ya meza, viatu na mabegi havitupwi njiani, bakuli la maji lipo palepale mwaka mzima. Tiga nyumba yote anayo kichwani, anatembea kama anaona kabisa. Kwa hiyo siku akijigonga kwenye kitu anachokijua, au akisimama katikati ya sebule kama amepotea, siwazi macho, nawaza sukari, nachukua kipimo natoboa kidogo pembeni ya sikio. Ikiwa chini nampa chakula haraka, akiwa hawezi kula vizuri nampaka asali kwenye fizi, kidogo kidogo, simmiminii mdomoni maana atapaliwa, huku dokta anapigiwa. Kipimo nacho kiwe cha wanyama kama unaweza, vile vya binadamu kwa damu ya mbwa huwa vinasoma chini ya ukweli.

Mengine ya upofu ni madogo lakini yanamsaidia sana. Pale ngazi zinapoanza na mlangoni tumeweka vikapeti vikavu vya kukwaruza ili miguu imwambie yuko wapi. Maneno matatu tu, "panda", "shuka", "simama", na watu wote nyumbani wanatumia hayohayo. Sauti kabla ya mkono, kila mtu, hata wageni nawaambia mlangoni, maana mbwa kipofu akishtuliwa usingizini anaweza kung'ata na siyo ukali, ni hofu. Simbebi hovyo, na nikimbeba namshusha penye bakuli lake la maji, ili akikanyaga chini ajue pa kuanzia. Na kamba naifunga kwenye hanesi ya kifuani, siyo shingoni, kukaba shingo kunapandisha presha ya macho.

Matembezi sasa ni ya pole pole, namwacha anuse mpaka atosheke. Zamani alikuwa wa kukimbia, saivi anasoma ukuta mzima kwa pua na mkia unacheza, na mimi nasimama namsubiri kwa furaha kabisa.

Mwenye jike mwenye kisukari aongee na dokta kuhusu kumfunga kizazi, homoni za baada ya joto, yaani kile kipindi cha kutaka dume, zinaifanya insulini isishike. Na peremende au bazoka zisizo na sukari ziwe mbali na mbwa wote, nyingi zina zailitoli, kitu kitamu kinachowekwa badala ya sukari, hiyo ni sumu kwao, inashusha sukari ghafla na kuua ini.

Kingine ni kufundisha mtu wa pili kudunga. Mimi nimemfundisha mdogo wangu, alianza kwa kuvuta maji tupu na kudunga chungwa, afu akamdunga Tiga mimi nimesimama pembeni, saivi nikisafiri nasafiri. Kwenye mlango wa friji kuna karatasi, saa za sindano, yuniti ngapi, matone ya jicho gani saa ngapi, asali ipo kabati gani, na namba ya dokta kwa maandishi makubwa. Kila akidungwa tunaweka tiki, ili asije akadungwa mara mbili.