Kiputo kimoja cha hewa ndani ya MinION

Gordon Sanghera alitokea kwenye vipimo vya sukari. Kabla ya kuanzisha kampuni ya Oxford Nanopore nchini Uingereza mwaka 2005, pamoja na Hagan Bayley na Spike Willcocks, alifanya kazi ya vihisi vinavyogeuza sukari ya tone la damu kuwa mkondo wa umeme unaosomeka. MinION, mashine ndogo ya kampuni hiyo ya kusoma vinasaba, imejengwa juu ya wazo hilohilo. Uzi wa DNA hupita kwenye kitundu cha protini kilichopachikwa kwenye utando, na herufi za DNA zinazopita hubadilisha mkondo wa umeme. Haina kamera wala leza, ndiyo maana inaingia mfukoni na kuchomekwa kwenye laptop.

Kwa usalama wa kibayolojia hilo ni jambo kubwa sana. Guinea, mwaka 2015, sampuli 142 za Ebola zilisomwa hukohuko kwenye mlipuko, na majibu mengine yalitoka ndani ya saa 24 tangu sampuli kupokelewa. Kilichosumbua ni umeme na intaneti, maana data ghafi ilibidi ipandishwe mtandaoni ndipo igeuzwe kuwa herufi. Leo laptop yenye kadi nzuri ya grafiki inaimaliza kazi hiyo papo hapo.

Adui mkubwa sasa ni hewa. Chipu ya kusomea ina vitundu 2,048, na mashine husoma 512 kwa wakati mmoja. Hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande kamwe. Ipime kwanza: vitundu hai vikiwa chini ya 800 kwenye chipu mpya, mtengenezaji anapaswa kuibadilisha. Kisha fungua tundu la kujazia, weka pipeti (kifaa cha kuvutia kimiminika kidogo) kwenye mikrolita 200, na uvute nyuma mikrolita 20 hadi 30 tu, mpaka uone kimiminika kikiingia kwenye ncha. Ukivuta zaidi, utando unabaki mkavu. Ukisukuma kiputo ndani, kila kitundu kinachoguswa na hewa kimekufa, na hakuna dawa ya kukirudisha.

Jaza mikrolita 800 za bafa, kimiminika cha kuandaa chipu, polepole, ngoja dakika 5, fungua kifuniko cha tundu la sampuli, ongeza mikrolita 200 nyingine za bafa, ndipo udondoshe sampuli, mikrolita 75, tone baada ya tone. Changanya shanga za kubebea sampuli dakika hiyohiyo unapozitumia, kwa sababu hutuama haraka mno.

Na usisome sampuli za mlipuko bila kuweka sampuli ya maji matupu pembeni, yenye alama yake. Virusi vya wagonjwa wawili wa mlipuko mmoja hutofautiana kwa herufi chache tu. Ebola ikijitokeza kwenye maji, matokeo hayo hayafai kusema nani alimwambukiza nani, hata kama namba nyingine zote zinapendeza. Rudia kuanzia kwenye uchimbuaji wa vinasaba.